MJADALA: Kisa cha Medusa kisafishwe kwa ajili ya watoto, au kibaki kilivyo?

Mleta mada

Wakuu, hoja hii iliwaka moto juzi kwenye kundi la wazazi wanaobadilishana vitabu, ikafungwa kabla watu hawajamaliza kusema. Naileta hapa tuimalizie.

Inahusu vitabu vya Percy Jackson vya Mmarekani Rick Riordan. Kwa asiyevijua: Percy ana miaka 12, anaishi New York na mama yake na baba wa kambo mcheza kamari, anafukuzwa shule moja baada ya nyingine. Siku moja anaambiwa kuwa baba yake mzazi ni Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale. Anapelekwa kwenye kambi ya watoto wa aina yake, anapewa upanga, safari inaanza. Kitabu cha kwanza kilitoka 2005. Riordan alikuwa mwalimu wa shule kule Texas, na hadithi aliianza kama simulizi ya kumlaza mwanawe, mtoto aliyekuwa na disleksia na asiyeweza kutulia darasani. Percy naye kapewa hali hizo hizo: herufi zinamchanganya kwa sababu ubongo wake umezaliwa tayari kwa Kigiriki cha kale, na kutotulia kwake ni wepesi wa mtu wa vita. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo anajua kwa nini vitabu hivi vilipendwa.

Sasa Medusa. Percy na wenzake wawili, Annabeth, binti wa Athena mungu wa kike wa hekima, na Grover, wanafika na njaa zao kwenye duka la sanamu za bustani kando ya barabara huko New Jersey. Mwenye duka, mama aliyejifunika uso, anawakirimu baga, kisha anataka kuwapiga picha. Ndiye Medusa, yule ambaye ukimtazama usoni unageuka jiwe. Anasema Athena ndiye aliyemfanya awe vile, na Annabeth anaeleza mambo kwa ufupi: huyu alikuwa mpenzi wa Poseidon, wakaamua kukutania ndani ya hekalu la mama yangu. Percy anamkata kichwa, anakitia kwenye sanduku na kukituma kwa miungu kule Olympus, na salamu juu yake. Watoto wanacheka, ukurasa unafunguliwa mwingine.

Mshairi wa Kirumi Ovid, aliyeandika mnamo mwaka wa 8 B.K., ana habari nyingine. Anasema Neptune, ndiye Poseidon kwa jina la Kirumi, alimbaka Medusa ndani ya hekalu la Minerva, yaani Athena. Minerva akageuza uso, akajiziba macho kwa ngao yake, halafu akamwadhibu aliyebakwa: nywele zake zikawa nyoka. Kutoka hapo mpaka "mpenzi wake" ni mbali mno.

Msimamo wangu: kusafisha huku ni kosa, na wanaoumia ni vitabu vyenyewe. Nguvu yote ya hadithi ya Percy ni malalamiko ya mtoto aliyetelekezwa na mzazi mwenye uwezo. Ukimsafisha baba, mtoto analalamikia nini? Karibuni.

Mama Wawili

Mleta mada, kwa heshima zote, inaonekana hujawahi kumsomea mtoto wa miaka tisa kitabu usiku. Mimi ninaye wa tisa na wa kumi na moja, na wa tisa huuliza maana ya kila neno. Hilo neno lako likitokea kwenye kitabu cha vituko, usiku umekwisha na mimi ndiye nitakayebaki na maswali hadi saa tano.

Mwandishi anaandika kwa rika. Huyo Ovid hakuwa akiwaandikia watoto, alikuwa akiandikia watu wazima wa Roma waliojua mambo yao. Halafu hebu tuwe wakweli, mtoto anayependa Percy atakua, atakisaka mwenyewe kisa kamili. Wangu wa kumi na moja ameshaanza. Kitabu kikali tangu mwanzo angekitupa.

Mzee wa Maktaba

Wanangu, mnagombania kitu ambacho mwanafalsafa Plato wa Ugiriki alishakigombania karne ya nne kabla ya Kristo. Kwenye *Jamhuri* yake, Socrates, mwalimu wake, anasema visa vya Uranos na mwanawe Kronos, baba wa Poseidon na ndugu zake, yaani mwana kumhasi baba yake na baba kuwameza wanawe, vijana wasisimuliwe hata kama ni vya kweli. Ikibidi kabisa visemwe, wasikie wachache kwa siri, na kwanza watoe kafara, tena si ya nguruwe bali ya mnyama mkubwa wa gharama asiyepatikana kirahisi, ili wasikilizaji wawe wachache iwezekanavyo. Mama Wawili, uko upande wa Plato, usiogope.

Lakini nina neno na mleta mada. Unasema "kusafisha" kana kwamba kulikuwa na kisa kimoja halisi. Mshairi wa Kigiriki Hesiod, aliyeishi karne kama saba kabla ya Ovid, anasema Poseidon alilala na Medusa kwenye konde laini katikati ya maua ya masika. Basi. Hakuna hekalu, hakuna kubakwa, hakuna adhabu. Medusa wa Hesiod alizaliwa Gorgon, yaani dubwana, pamoja na dada zake, tofauti yake ni kwamba yeye alikuwa wa kufa na wenzake hawafi. Kwa hiyo aliyekibadilisha kisa ni huyo Ovid wako. Riordan ni wa mwisho kwenye foleni ndefu.

Mleta mada

Mzee wangu, hilo nalipokea: kisa halisi kimoja hakuna. Lakini angalia Riordan alichochagua. Hekalu kalichukua, na hekalu limetoka kwa Ovid. Hasira ya Athena kaichukua, nayo ni ya Ovid. Kilichoachwa nyuma ni kile tu ambacho kingemfanya Poseidon aonekane mbaya. Angefuata konde na maua ya Hesiod, nisingekuwa na neno.

Na kuna jambo kwa Ovid ambalo halisemwi mara nyingi. Anayesimulia kubakwa kwa Medusa ni Perseus, yule yule aliyemkata kichwa. Anasimulia kwenye karamu ya harusi yake, wageni wakiwa wameshashiba, mmoja wao kauliza tu kwa nini kati ya dada watatu ni yeye peke yake mwenye nyoka kichwani. Shujaa anajua alimuua nani. Anajua, na anaendelea na harusi. Ovid hatoi hukumu, anakuachia wewe na baridi yako tumboni. Riordan alikuwa na nafasi ya kumpa Percy ujuzi huo huo, maana kwenye kitabu mama yake Percy alimpa jina la Perseus makusudi, kwa kuwa ni mmoja wa mashujaa wachache wa Kigiriki waliomaliza vizuri.

Kijana wa Kambi

Mimi nina miaka 19, nimekulia kwenye hivi vitabu, na naona mleta mada kaishia cha kwanza 😅. Nani kakuambia miungu imesafishwa? Kibanda namba 11 pale kambini ni cha watoto wa mungu Hermes, na ndimo wanamotupwa watoto wote ambao wazazi wao wa kimungu hawajajitokeza kuwatambua. Wanalala sakafuni, kila mtu na begi lake. Percy mwenyewe alianzia pale. Wengine wanakaa miaka, hawatambuliwi na mtu.

Halafu kuna Luke, mtoto wa Hermes mwenyewe. Ndiye kaka mkubwa wa kambi, ndiye anayemfundisha Percy upanga, na ndiye anayegeuka na kwenda upande wa Kronos, adui wa miungu, kwa sababu amechoka kuwa mtoto wa baba asiyeonekana. Unafika kitabu cha tano, cha 2009, unaona hoja ya Luke ilikuwa sahihi, kosa ni njia aliyochagua. Na Percy anaelewa. Miungu inataka kumzawadia umungu, asife milele, anakataa. Anadai kitu kingine: waape kwa Styx, mto wa kuzimu ambao kiapo chake hakivunjwi, kwamba kila mtoto atatambuliwa kabla hajavuka miaka 13. Huyo ndiye mtoto unayesema hana la kulalamikia?

Mleta mada

Kijana, nimevisoma vyote vitano, na dai hilo la Styx ndilo lililonifanya nivipende. Ngoja nikuonyeshe lilikotoka.

Kwa Ovid tena, kuna kijana anaitwa Phaethon. Mama yake Clymene ni mke wa Merops, mfalme wa Waethiopia. Mwenzake anamcheka: unajidai mwana wa Jua, nani kakuambia? Kijana anafunga safari mpaka kwenye jumba la Jua kutafuta uthibitisho. Jua anamkumbatia, anakiri kuwa ni mwanawe, na kwa furaha anaapa kwa Styx kumpa chochote atakachoomba. Phaethon anaomba kuendesha gari la jua kwa siku moja. Baba anajuta papo hapo, anambembeleza aombe kingine, lakini kiapo cha Styx hakirudishwi. Farasi wanamshinda, dunia inaungua, Jupiter, mkuu wa miungu, anampiga radi, mtoto anakufa. (Ovid anasema ndipo Waethiopia walipopata rangi nyeusi. Tuiache hiyo, tutaharibu uzi.)

Huyo ndiye babu wa Percy kifasihi: mtoto anayetaka baba akiri mbele za watu. Phaethon alipopewa kiapo aliomba sifa yake mwenyewe. Percy aliomba kwa niaba ya waliolala sakafuni. Mimi naona hapo Riordan kawazidi wa kale, nasema bila aibu. Ndiyo maana Medusa inaniuma. Mwandishi aliyeweza hilo alishindwaje hili?

Binti Mvita

Mie linanikera jengine kabisa, hii habari ya damu. Hawa watoto ni mashujaa kwa kuwa baba ni fulani au mama ni fulani. Warumi waliifanya siasa: Kaisari Augustus alijihesabu mzao wa mungu wa kike Venus kupitia mwanawe shujaa Aeneas, na mshairi Virgil akamtungia utenzi mzima wa kuipamba nasaba hiyo. Sasa twampa mtoto wa muuza samaki kitabu kinachomwambia ushujaa ni wa kuzaliwa nao? Na kwani sisi hatuna Liyongo? Huyo hakuna mungu aliyemzaa, na mwanawe mwenyewe ndiye aliyemuua kwa sindano ya shaba kitovuni. Luke ajifunze hapo.

Na wale waliopiga kelele 2022 kwamba Annabeth wa runinga amepewa msichana mweusi, wajue Andromeda aliyeolewa na Perseus alikuwa binti wa mfalme wa Waethiopia. Riordan mwenyewe aliwajibu, tena kwa ukali. Nimemaliza.

Mzee wa Maktaba

Binti, Liyongo tumfungulie uzi wake, anastahili. Yule mwana alihongwa na sultani wa Pate, Luke hakuhongwa na mtu, alikuwa na uchungu. Si kesi moja. Ila kwenye hoja ya damu nakuunga mkono nusu.

Kijana wa Kambi

Nusu nyingine naichukua mimi. Mtu shupavu kuliko wote mle ni Sally, mama yake Percy, na hana tone la damu ya kimungu. Ndiye aliyevumilia yule mume anayenuka miaka yote ili harufu yake imfiche mtoto asinuswe na madubwana. Na kwenye mfululizo wa pili, ule wenye kambi ya Kirumi huko California, Hazel ni binti wa Pluto, mungu wa kuzimu, alizaliwa New Orleans miaka ya 1920, na damu hiyo ya mungu imemletea laana tupu: kila kito anachokiibua kutoka ardhini kinamdhuru anayekichukua. Damu mle ndani ni mzigo jamani.

Mama Wawili

Narudi kwa Medusa, msinipotezee. Mnajua kwamba tamthilia ya Disney, ile iliyoanza Desemba 2023, imelirekebisha hilo? Nimeitazama na wanangu. Medusa pale anakaa mezani na watoto na kusema mwenyewe: alikuwa mcha Athena, akamwomba kila siku bila kujibiwa, Poseidon akaja akamwambia anampenda. Athena akasema ameaibishwa, na aliyeadhibiwa ni Medusa, yeye mwanaume hakuguswa.

Neno lako gumu halikutajwa. Wangu wa tisa alielewa kila kitu na akakasirika vizuri tu: "Mbona Poseidon hakufanywa kitu?" Kwa hiyo mleta mada, inawezekana kumlinda mtoto bila kumlinda mungu.

Mleta mada

Mama Wawili, hapo umeninyang'anya zaidi ya nusu ya hoja. Kama kitabu kingeandikwa hivyo tangu 2005, nisingeufungua uzi huu.

Kilichobaki ni hiki. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza Percy anasimama mbele ya baba yake kwa mara ya kwanza, kule Olympus. Poseidon anamsifu Sally kuwa ni malkia kati ya wanawake. Kisha anamwambia kijana kwamba akifika nyumbani atakuta kifurushi na itabidi afanye uamuzi. Ndani ya kifurushi ni kile kichwa, kimerudishwa. Na ni kichwa hicho ambacho Sally anakitumia kumgeuza Gabe, yule mume wake, kuwa jiwe, kisha sanamu anaiuza. Yaani mwanamke mmoja aliyeonewa anaokolewa kwa kichwa cha mwingine aliyeonewa, na mungu aliyelala na huyo wa pili anakiita kifurushi. Percy hamuulizi hata swali moja kuhusu Medusa.

Kijana wa Kambi

Ana miaka 12, na ndiyo kwanza anamwona baba yake. Wewe ungeuliza?