Naomba ushauri: nasanifu taa ndogo ya umeme ya msafiri, itakayotosha mfukoni

Fundi wa Kondele (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Nina karakana ndogo hapa Kisumu ninapotengeneza redio, chaja na taa za sola, na kwa muda sasa nimekuwa nikisanifu taa ya kuchaji inayomfaa msafiri. Sizungumzii tochi ya kumulika njia, kwani hizo zimejaa madukani na kila simu ina ya kwake. Nataka taa ya kukaa nayo, ambayo mtu aliyelala ugenini kwenye matanga huko Ugenya, au mfanyabiashara aliyefika Busia usiku na kukuta stima imepotea, ataitundika mahali na kuendelea na shughuli yake akiwa na mikono yote miwili huru.

Nimefikia hapa: mwili wa taa ni mcheduara wa urefu wa kiganja, na ndani yake mna seli moja ya lithiamu ya aina ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Juu ya seli kuna ubao mdogo wenye LED zilizopangwa kwa mduara, zikafunikwa kwa plastiki nyeupe yenye ukungu ili mwanga usambae na usichome macho. Taa huchajiwa kwa tundu la USB-C, kwa sababu msafiri tayari amebeba waya wa simu. Ikiwashwa kwa nguvu zote hutoa lumeni 200 hivi (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga).

Nimekwama penye maamuzi kadhaa. Sijui kama niongeze mng'aro, maana wateja wanaopita karakanani huuliza hilo kwanza. Sijui pia kama nibaki na seli hii au nihamie ile ya lithiamu na fosfati ya chuma inayosifiwa kwa usalama. Wengine wananishauri taa iweze kuchaji simu, na mwili wenyewe sijaamua kama niuchapishe kwa printa ya 3D au nitumie bomba la alumini. Nawaomba wenye ujuzi na wale wanaosafiri sana mnisaidie kabla sijaagiza vifaa.

Muuguzi wa visiwani

Ndugu fundi, mimi ni muuguzi, na kazi hunivusha mara kwa mara kwa boti kutoka Mbita kwenda Mfangano, kwa hiyo taa unayoisanifu inanihusu moja kwa moja. Nakusihi usiongeze mng'aro hata kidogo. Lumeni 200 zinatosha kutafuta kitu kilichoanguka chini ya kitanda, na baada ya hapo saa nyingi za usiku mtu huhitaji mwanga mdogo sana. Tunapolala watu wanne katika chumba kimoja, anayeamka saa nane usiku na kuwasha taa inayoanza kwa nguvu zote huwaamsha wenzake wote. Taa yako ianze kila mara kwa kiwango cha chini kabisa, lumeni moja au mbili tu, na anayetaka zaidi ndiye aendelee kubonyeza. Taa nyingi nilizowahi kununua zimepangwa kinyume cha hivyo, na sielewi ni kwa nini.

Lakini linaloniuma zaidi ni rangi ya mwanga. Kipimo cha haraka cha malaria huonyesha jibu kwa mstari mwembamba mwekundu, na mgonjwa mwenye vimelea vichache huweza kutoa mstari uliofifia mno. Chini ya taa rahisi yenye mwanga mweupe unaoelekea buluu, mstari huo karibu utoweke. Ukiutazama chini ya taa nzuri, unauona bila kukodoa macho. Hali ni hiyo hiyo kwa rangi ya kidonda au weupe wa viganja vya mtoto aliyepungukiwa damu. Tafuta LED zenye kipimo cha uhalisi wa rangi, kile kiitwacho CRI, kisichopungua 90 kati ya 100. Hata asiye muuguzi atafaidika, kwa maana atatofautisha noti ya mia mbili na ya elfu moja bila kuikaribisha puani.

Chagua pia mwanga wa rangi ya joto, wa Kelvini 2,700 hadi 3,000. Mwanga mweupe sana wa Kelvini 6,500 huvuta wadudu wengi zaidi, na aliyewahi kulala kando ya Ziwa Victoria anajua jinsi wale wadudu wa ziwani wanavyojaa kwenye kila taa. Wavuvi wa omena wanauhitaji mwanga uvutao, zamani kwa karabai na siku hizi kwa LED, ila sisi tunaolala hatuutaki.

Kuhusu kutundika, weka sumaku kwenye kitako. Mabati ni chuma kilichopakwa zinki, kwa hiyo katika nyumba za mabati taa itanata ukutani popote. Kwenye nyumba ya udongo au ya matofali sumaku haisaidii kitu, kwa hiyo ongeza kitanzi cha kamba kinachoweza kufungwa juu ya chandarua. Na tundu la chaji liwe na kizibo cha mpira kinachobana kweli, kwa kuwa ndani ya boti kila kilichomo mfukoni hurushiwa maji.

Fundi wa Kibuye

Nakubaliana na dada muuguzi kuhusu kiwango cha kuanzia. Mimi nitasema juu ya seli, kwa sababu hapo ndipo taa za namna hii hufia.

Seli za 18650 zinazouzwa kwenye meza za sokoni zikiwa zimeandikwa 9,900 mAh (miliampea-saa, kipimo cha uwezo wa seli) ni za kudanganya. Seli halisi za ukubwa huo huwa kati ya 2,000 na 3,500 mAh hivi. Namna ya haraka ya kuzitambua ni kuzipima uzito: seli nzuri huwa na gramu 45 hadi 50, na ile ya uongo mara nyingi huwa nyepesi waziwazi, kwa kuwa ndani yake mna kitu kidogo kilichozungushiwa ganda kubwa. Nenda na mizani ndogo kama ya sonara, uweke kila seli juu yake mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa. Seli zilizotolewa kwenye betri za kompyuta za zamani mimi huzitumia kwa kazi za dukani, lakini siwezi kumuuzia nayo msafiri atakayeiweka chini ya mto.

Jambo jingine ni hilo tundu la USB-C. Wengi hununua ubao wa chaji wenye chipu ya TP4056, wakabadilisha tundu tu, na taa ikachaji vizuri kwa waya wa kawaida wenye kichwa kipana upande wa chaja. Siku mteja anapotumia chaja mpya yenye waya wa USB-C pande zote mbili, taa haipokei umeme hata kidogo, naye huamini kwamba imeharibika. Chaja hiyo haitoi umeme mpaka ihisi rezista ya kiloohmu 5.1 ndani ya taa, kwa hiyo weka mbili kwenye tundu, moja kwenye mguu wa CC1 na nyingine kwenye CC2, kila moja ikielekea hasi, ili waya ufanye kazi hata ukigeuzwa. Usiunganishe miguu hiyo miwili kwenye rezista moja ili kuokoa nafasi, kwa sababu baadhi ya waya zitakataa. Rezista hizo bei yake ni ndogo mno, na ukizisahau utarudishiwa taa nzima nzima. Kabla ya kuuza, jaribu kila taa kwa waya za aina zote mbili, tena uugeuze waya juu chini.

Mwalimu wa fizikia, Nakuru

Ndugu mwanzilishi, hesabu itakusaidia kuamua mengi kwa pamoja. Nishati ya seli ni volti mara ampea-saa. Seli ya volti 3.7 na 3,000 mAh ina wati-saa 11 hivi. LED nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, na plastiki yako ya ukungu itameza sehemu ya mwanga huo. Kwa hiyo ukiwasha kwa wati mbili, ambazo ndizo nguvu zako zote, taa itazimika baada ya saa tano hivi. Ukiwasha kwa sehemu moja ya kumi ya wati, itavuka saa mia moja. Kwa tofauti hiyo, anayekwenda matanga ya siku nne hana haja ya kubeba chaja. Ukiandika jambo moja tu kwenye kijikaratasi cha taa, andika idadi ya saa katika kila kiwango, na lumeni ziwe mstari wa chini.

Hesabu hiyo hiyo inajibu suala la simu. Simu nyingi za sasa zina betri ya 5,000 mAh, yaani wati-saa 19 hivi. Taa yako yote, hata ikijitoa muhanga, haitaijaza simu hiyo kufika nusu baada ya kutoa kinachopotea kwa joto wakati wa kupandisha volti. Msafiri atajikuta na simu yenye karibu nusu chaji, na gizani. Mimi ningeliondoa kabisa jambo hilo.

Kuhusu seli ya fosfati ya chuma: ni kweli huvumilia joto vizuri zaidi na hudumu kwa mizunguko mingi zaidi ya chaji, mara nyingi hata elfu mbili, ilhali ya kawaida huanza kuchoka baada ya mizunguko mia tano hivi. Lakini kwa umbo lile lile la 18650 hubeba takriban 1,500 mAh tu kwa volti 3.2, yaani chini ya wati-saa 5. Tena hujaa kwa volti 3.65, hivyo usithubutu kuichaji kwa ile TP4056 iliyotajwa hapo juu, ambayo hupandisha hadi 4.2. Kwa taa ya mfukoni ningebaki na seli uliyo nayo, mradi iwe na saketi ya kinga dhidi ya kuchajiwa kupita kiasi, kuishiwa kupita kiasi na shoti.

Kwa upande wa mwili, plastiki ya PLA ambayo printa nyingi hutumia hulainika karibu na nyuzi 60, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hapa Nakuru inaweza kufikia joto hilo. Chapisha kwa plastiki ya PETG, au tumia bomba la alumini ambalo pia litasharabu joto la LED. Na ukikamilisha umbo la nje, nenda KIPI, taasisi ya mali ya kiviwanda ya Kenya, ulisajili kama usanifu wa viwandani; usajili huo ni wa miaka 5 na unaweza kuhuishwa.

Mama Biashara, Busia

Mwalimu, nimeisoma hesabu yako kwa heshima, lakini sikubaliani nawe kuhusu simu. Mimi pesa zangu zote ziko kwenye simu. Nikiwa mpakani usiku na simu ikazimika, siwezi kulipa chumba wala kumpigia dereva, na hapo sihitaji simu ijae, nahitaji asilimia kumi tu za kutuma pesa. Taa inayoweza kunipa hizo kumi ningeinunua kwa bei ya juu zaidi, na najua wenzangu wengi wa mitumba wangefanya vivyo hivyo.

Naomba pia kujua kama inaruhusiwa kwenye ndege, maana mara mojamoja mimi hupanda ndege kutoka Kisumu kwenda Nairobi.

Mwalimu wa fizikia, Nakuru

Mama, hoja yako ina uzito, na sikuwa nimeitazama kwa upande huo. Basi fundi aweke kikomo: taa ichaji simu, lakini ikate yenyewe seli inapobakiwa na theluthi moja, ili mwanga ubaki. Kuhusu ndege, kanuni za usafiri wa anga huruhusu betri za lithiamu zisizozidi wati-saa 100 bila kibali maalumu, na taa hii ni kama sehemu ya tisa ya kiwango hicho. Ibebe kwenye mkoba unaoingia nao ndani. Seli za akiba zisizo ndani ya kifaa haziruhusiwi kabisa kwenye mizigo inayokwenda chini, na kifaa chenye uwezo wa kuchaji simu hutazamwa kwa jicho hilo hilo.

Fundi wa Kondele (mwanzilishi wa uzi)

Nawashukuru nyote. Nimeamua kubaki na seli ya kawaida yenye kinga, mwanga wa Kelvini 2,700 wenye CRI ya 90, kuanzia lumeni mbili, sumaku pamoja na kitanzi, na bomba la alumini lenye kichwa cha PETG. Lumeni 200 nitaziacha ziwe za kushikilia kitufe kwa makusudi. Suala la simu nitalitengeneza kwa kikomo cha theluthi, kisha nimpe Mama Biashara taa ya kwanza aijaribu Busia.

Limebaki moja. Swichi ya kubonyeza ya kielektroniki hunipa viwango vyote kwa kidole kimoja, ila nahofia itajiwasha ndani ya mkoba, na tena inanyonya umeme hata taa ikiwa imezimwa. Fundi wa Kibuye, wewe unalitatuaje?

Fundi wa Kibuye

Kujiwasha kunazuiwa kwa kukizamisha kitufe chini kidogo ya uso wa alumini, na kwa kuruhusu kichwa kilegezwe kwa robo mzunguko ili njia ya umeme ikatike kabisa. Alama ya kuguswa kwa kidole, yaani mkwaruzo au nundu ndogo kando ya kitufe, itamwezesha mtu kukipata gizani bila kupapasa.

Kunyonya umeme usikukisie, kupime. Weka mita yako kwenye ampea, iunganishe kati ya seli na ubao, taa ikiwa imezimwa. Ukisoma miliampea moja, seli ya 3,000 mAh itakauka kwa saa elfu tatu, yaani miezi minne hivi, na msafiri aliyeiweka kabatini tangu Pasaka ataikuta imekufa mwezi wa Agosti. Ukisoma chini ya maikroampea 50, usihangaike tena, kwa kuwa ubao wako utahitaji miaka kadhaa kuimaliza seli hiyo. Mara nyingi mwizi huwa ni kile kitaa kidogo cha kuonyesha chaji, au ile saketi ya kuchajia simu ambayo hailali. Kata kimoja baada ya kingine huku ukitazama mita, na utakapoona namba inashuka ghafla, hapo ndipo pa kurekebisha kabla hujaagiza ubao wa pili.