Kikundi cha Sanaa Bustanini: rasimu ya bajeti ya ruzuku

JUMANNE

Rehema (Katibu): Habari za jioni wapendwa. Dirisha la ruzuku ya manispaa linafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, saa 11 jioni. Rasimu ya bajeti nimeiweka hapo juu: jioni tatu za bure bustanini, ya kwanza ngoma, ya pili maigizo, ya tatu filamu. Naomba makosa yatajwe leo.

Mzee Sudi: Nimeisoma yote, binti yangu. Mstari wa wasanii umeandikwa sifuri, "watajitolea".

Rehema (Katibu): Shikamoo Mzee. Nilikata hapo ili fedha ya jukwaa itoshe.

Mzee Sudi: Marahaba. Basi kata jukwaa. Tukio ni bure kwa anayekaa kwenye nyasi, si kwa anayecheza. Mwenye mitambo analipwa, mwenye vyoo analipwa, mwenye maturubai analipwa. Aliyewatoa watu majumbani naye alipwe. Anza na wasanii, weka theluthi ya bajeti, kinachobaki ndicho kigawanywe.

Mzee Sudi: Na hesabu mazoezi, usihesabu ile saa moja ya mbele ya watu peke yake. Igizo la watu 6, mazoezi 8 ya saa 3 kila moja, ni saa 24 kwa kila mtu, saa 144 kwa kikundi kizima. Andika hesabu hiyo kwenye safu ya maelezo. Anayepitia maombi akiona kiasi kilivyopatikana harudishi fomu.

Rehema (Katibu): Nimekuelewa. Ngoma watachezea wapi sasa?

Fundi Idi: Chini palepale, Katibu. Plaiwudi ya milimita 18, futi 4 kwa 8, karatasi 12. Unapata sakafu ya futi 16 kwa 24, inatosha wachezaji 10. Viungo vipishane kama matofali, mistari yote ibandikwe utepe wa kitambaa, maana ukingo ulioinuka kidole kimoja tu unavunja mguu. Jioni umande ukianza, plaiwudi inateleza. Awepo mtu mwenye mataulo makavu kabla ya kila kundi kuingia.

Fundi Idi: Na ing'olewe usiku uleule. Ikilala hapo ikapigwa na jua la kesho, nyasi za chini zinakuwa njano.

Juma: Kuhusu nyasi, kwa nini tusitoze kiingilio kidogo tu cha kuzitunza? Bajeti ingepumua.

Mzee Sudi: Mwanangu, hoja hiyo ilishafika mahakamani. Mwaka 1959 huko New York, Robert Moses aliyesimamia bustani za jiji alimtaka Joseph Papp, mtayarishaji wa maigizo, atoze kiingilio kwenye maonyesho ya Shakespeare ndani ya Central Park, kwa madai kwamba watazamaji wanaharibu nyasi. Papp alikataa, kesi ikafika mahakama ya rufaa, akashinda. Mwaka 1962 ukumbi wa wazi wa Delacorte ukafunguliwa katika bustani hiyohiyo, na mpaka leo watu wanaingia bure. Ukiweka geti unawapoteza wale waliokuwa wanapita tu wakasimama kusikiliza, na kwangu hao ndio sababu ya kufanyia bustanini. Nyasi ziwekewe mstari wake kwenye bajeti.

Juma: Sawa Mzee. Mstari huo unalipia nini hasa?

Mama Neema: Hapo nijibu mimi. Nyasi haziuawi sana na miguu, zinauawa na magurudumu. Gari la mitambo likipita udongo ukiwa umelowa, vitundu vya hewa vinabanwa, maji hayazami, mizizi inakosa pumzi. Siku ya tukio huoni kitu. Baada ya wiki mbili unaona michirizi miwili mikavu, na amana yetu ya uwanja imeshikiliwa. Kwa hiyo: gari liishie kwenye lami, mizigo ivutwe kwa toroli. Lisiegeshwe chini ya matawi ya mti, mizizi iko huko. Piga picha za uwanja kabla ya kushusha na baada ya kupakia, kona zilezile nne.

Mama Neema: Kingine kinachosahaulika kila mahali: umwagiliaji wa usiku unaojiwasha wenyewe. Andikeni kwenye barua ya kibali ufungwe tangu siku moja kabla. Maji yakirushwa saa 3 usiku juu ya miksa ya sauti na watu, hakuna tukio tena.

Fundi Idi: Asante Mama. Hilo lingetuchomea vyombo vyote.

JUMATANO

Mwanaidi (Mhazini): Nimerudia masharti usiku. Ruzuku hii inalipwa kwa kurejeshewa. Tunatumia, tunapeleka ankara na risiti, ndipo fedha inaingia, na inaweza kuchukua wiki nyingi. Vikundi vinashinda ruzuku kisha vinakwama kwa kukosa malipo ya awali ya mitambo. Tuombe kwa barua awamu ya kwanza ilipwe mapema, KABLA ya kusaini mkataba. Ukishasaini, masharti yamekubaliwa. Wakikataa, tufanye jioni ya ngoma, tudai, kisha iendelee ya pili. Wasanii wasiwe ndio wanaosubiri. Kama kuna wa kusubiri ni wenye vyombo, tukubaliane nao nusu ilipwe baadaye.

Rehema (Katibu): Na ule mchango wenza?

Mwanaidi (Mhazini): Wanataka kila kinachotolewa kilinganishwe na kiasi kilekile kutoka kwetu. Ni utaratibu wa kawaida, hata mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani, ulioanzishwa 1965, unadai dola moja kwa kila dola unayotoa, kwa ruzuku zake nyingi. Si lazima wote uwe fedha. Saa za kujitolea zinahesabika, lakini zinahitaji karatasi ya mahudhurio: jina, kazi, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi, siku hiyohiyo. Karatasi iliyojazwa mwezi mmoja baadaye kwa kalamu moja haikubaliki. Na kitu kisihesabiwe mara mbili.

Fundi Idi: Sasa umeme. Rasimu ina jenereta ya kVA 5 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta). Haitoshi. Spika 4 za wati 500 ni 2,000. Subwufa, yaani spika za besi, 2 za wati 800 ni 1,600. Miksa na maiki 200. Taa 12 za LED za wati 60 ni 720. Projekta 400. Jumla 4,920. Jenereta ya kVA 5 inatoa kilowati 4 hivi, itazima katikati ya ngoma besi ikipiga. Ya kVA 10 inatoa 8, na usiipakie zaidi ya robo tatu, yaani 6. Hapo tuko salama.

Fundi Idi: Ikae mita 30 nyuma, upepo upeleke moshi mbali na watu. Kebo ikunjuliwe yote. Ikibaki imezungushwa kwenye kigurudumu chake inashika joto mpaka ganda linayeyuka.

Juma: Walio nyuma watasikia? Mbali kule ni kama mita 40.

Fundi Idi: Usiongeze sauti mbele, utawaumiza watoto walioketi karibu na majirani watapiga simu. Hewani wazi, kila umbali ukizidi mara mbili sauti inashuka desibeli 6. Weka spika mbili kati ya zile nne kwenye mita 34, uzicheleweshe kwenye miksa kwa milisekunde 110. Sauti inatumia milisekunde 100 kufika pale, hizo 10 za ziada zinafanya sikio liamini inatoka kwa mchezaji. Usipochelewesha, maneno ya igizo yanasikika mara mbili na hakuna anayeelewa.

Rehema (Katibu): Nimeongeza kwenye maelezo. Filamu?

Mama Neema: Bure haiondoi haki za mwenye filamu. Nakala ya kuangalia nyumbani si kibali cha kuonyesha hadharani. Ombeni barua kutoka kwa mwenye haki, na gharama yake iingie kwenye bajeti. Ianze nusu saa baada ya jua kuzama, kabla ya hapo kitambaa kinaonekana cheupe tu.

Mwanaidi (Mhazini): Na tarehe ya akiba ya mvua iandikwe sehemu tatu: kibali, mkataba wa wasanii, mkataba wa mitambo. Ikikosekana mmoja, bustani iko wazi na vyombo vimekodishwa kwingine.

Rehema (Katibu): Naandika upya usiku huu. Wasanii theluthi, jenereta kVA 10, plaiwudi 12, mstari wa nyasi, dharura asilimia 10. Nani ana namba ya fundi bustani anayefunga ule umwagiliaji?

Mama Neema: Ninayo. Nakutumia pembeni.