Pointi 25 za kwanza za Elden Ring: uhai au nguvu?

Mwamba wa Capri (mleta mada): Wadau wa Mwanza, tulimalize hili. Mgeni anaanza mchezo wa video wa Elden Ring na Vagabond, mmoja wa wahusika wa kuanzia, leveli 9, uhai 15 (Vigor, sifa inayoamua damu); kila leveli inampa pointi moja ya kuongeza sifa. Kwenye vibanda vya kulipia kwa saa, kila kifo ni hela inayoyeyuka. Nasema pointi zote za mwanzo ziende kwenye uhai, ile safu ya juu kabisa, mpaka 40. Nguvu aiguse pale tu silaha inapoidai. Uhai 15 ni damu 522, uhai 25 ni 800, uhai 40 ni 1450. Kuanzia 25 hadi 40 kila pointi inaleta wastani wa damu 43. Anayepinga alete hesabu.

Dagaa wa Igombe: Hesabu ni sawa, ila unamfundisha mgeni uoga. Mwenye damu nyingi na upanga butu anapambana na Margit, bosi (adui mkubwa) wa mwanzo, muda mrefu, na kadiri anavyokaa ndivyo anavyokosea. Mnafuga sangara nyie: mwili mkubwa, mdomo wazi, basi.

Fundi Jiwe: Nyote mmeruka silaha. Mwanzoni kinachoongeza maumivu kwa adui ni mawe ya uhunzi, ya kuboreshea silaha, kuliko safu yoyote. Silaha ya kawaida inataka mawe 2 kufika +1, kisha 4 kufika +2, kisha 6 kufika +3, halafu unahamia mawe ya daraja linalofuata. Mawe 12 ya daraja la kwanza yanakufikisha +3, na kazi hiyo inafanyika kwenye fuawe la Church of Elleh. Mawe yenyewe yapo kwenye kuta za mgodi wa Limgrave Tunnels. Zaidi ya +3 nenda kwa Hewg, mhunzi wa Roundtable Hold, kambi ya mchezaji. Silaha ikiwa +0, pointi ya nguvu haileti cha maana, kwa sababu kiwango cha kunufaika na nguvu kinapanda pamoja na silaha. Mgeni mwenye uhai 20 na silaha +3 ana hali nzuri kuliko hao mnaowagombania.

Minofu: Dagaa, sangara kakukosea nini? Viwanda vya minofu hapa mjini vinasimama kwa huyo huyo. Tafuta mfano mwingine.

Dagaa wa Igombe: Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akala furu, samaki wadogo wa ziwa, aina kwa aina. Ukubwa ulimfaa yeye, ziwa likalipa. Dagaa ni mdogo, anazaana haraka, na bado yupo. Mfano wangu umesimama.

Minofu: Haujasimama. Furu hawakuisha wote, baadhi walionekana tena sangara alipovuliwa sana. Kwa mfano wako mwenyewe, aliyemshusha sangara ni nyavu, siyo wepesi wa dagaa.

Mwamba wa Capri: Jamani, ziwa lina mada yake. Dagaa, hilo neno "uoga" umeniambia mimi au mgeni? Kukaa hai hadi ujue bosi anapiga lini ndiko kujifunza kwenyewe. Mwenye damu 522 anakufa kabla hajauona mkono wa pili wa Margit. Atajifunza nini hapo?

Dada wa Kirumba: Kinachowaua wageni wengi ni uzito, na hamjautaja hata mmoja. Anaokota deraya, anavaa zote, mzigo unapita asilimia 70 ya uwezo wake wa kubeba, basi akikwepa anabingirika kama gunia la mihogo. Damu 1450 haimwokoi, atapigwa yote. Vua kofia na glavu, ubaki chini ya 70, au ongeza kidogo ustahimilivu, unaopandisha uwezo wa kubeba. Hilo kwanza, uhai na nguvu baadaye. Na Dagaa, kumwita mtu mwoga kwa sababu ya namba kwenye skrini si ustaarabu.

Dagaa wa Igombe: Dada, sikumwita mtu, nimeita mbinu. Hesabu mnayoitaka hii hapa: shika silaha kwa mikono miwili, nguvu inazidishwa kwa moja na nusu. Nguvu 54 inasomeka 81, na ukivuka 80 faida inapungua sana. Kwa hiyo unaishia 54, pointi nyingine zote unazipeleka kwenye uhai. Silaha mbili za aina moja, moja kila mkono, hazipati nyongeza hiyo, wengi wanakosea hapo.

Mwamba wa Capri: "Unazipeleka kwenye uhai." Umeandika wewe.

Dagaa wa Igombe: Baada ya 54! Mada yako inasema kabla. Usinilishe maneno.

Nyegezi Corner: Halafu kuna wanaopeleka uhai 99. Kutoka 40 hadi 60 unapata damu 450 tu, kutoka 60 hadi 99 ni 200 kwa pointi 39. Hapo 60 ndio mwisho. Na aliyekosea anajenga upya, yaani anagawa pointi zake upya, kwa Rennala, bosi aliyekwisha kumshinda, mradi ana kitu kiitwacho Larval Tear, kimoja kwa kila mara.

Minofu: Kujenga upya ndiyo uoga wenyewe.

Dada wa Kirumba: Haya tena. Mtu aliyejaza akili (sifa ya uchawi) na nguvu kwa pamoja hadi leveli 60, upanga haukati na uchawi hauumi, umwambie aanze upya saa zote hizo za kulipia? Rennala yupo kwa ajili yake.

Minofu: Angesoma silaha inadai nini kabla ya kupandisha leveli.

Fundi Jiwe: Crystalian, bosi wa mgodi wa Raya Lucaria Crystal Tunnel, akishindwa anaacha kengele. Ipeleke Roundtable Hold, utanunua mawe ya daraja la kwanza na la pili kadiri runi zako, hela za mchezo, zinavyoruhusu. Kuna mtu amesoma nilichoandika juu?

Dagaa wa Igombe: Minofu, nyavu ni kitu kingine kabisa. Rudi hapa tumalizane na furu.