Nywele nyeusi tii kuwa rangi ya damu ya mzee bila kukatika: naombeni ushauri

BintiNgamiani
Habari za leo ndugu zangu. Naomba mawazo, hasa kwa wasusi na kwa yeyote ambaye amewahi kupaka nywele nyeusi rangi nyekundu.

Nywele zangu ni nyeusi tii, nene, zikinyooshwa zinafika mabegani. Zina dawa ya kulainisha, na mizizi imeshaota kiasi cha kutosha, nilikuwa nataka kurudia dawa mwezi huu. Nataka rangi ya damu ya mzee, ile nzito, lakini ionekane hata nikiwa ndani ya nyumba, si mpaka nisimame juani. Nyekundu ya kuwaka kama pilipili hapana, kazini haitapita.

Mdogo wangu ana sendofu mwisho wa mwezi ujao, ningependa iwe tayari. Saluni ya kwanza wameniambia lazima nipigwe blichi mpaka nywele ziwe njano. Ya pili wamesema watanipaka dawa na rangi siku moja, nisiwe na wasiwasi. Jirani yangu anasema niachane nao wote nipake hina. Kila mmoja anaongea kwa uhakika kabisa. Nimsikilize nani?

MsusiWaSakina
Karibu dada. Nianze na hao wa njano, maana hapo ndipo nywele nyingi zinapokatikia.

Nywele nyeusi ukianza kuitoa weusi wake hairuki moja kwa moja hadi njano. Inapita kwanza kahawia yenye wekundu, halafu nyekundu, halafu rangi ya chungwa, ndipo njano. Wekundu umo tayari ndani ya nywele yako, umefunikwa tu na weusi. Anayetaka nyekundu nzito anashukia njiani. Ukipelekwa mpaka njano, msusi atalazimika kukurudishia wekundu kwa rangi, na nywele itakuwa imeteseka bure. Njano ni ya wanaotaka pinki, kijivu, bluu au dhahabu.

Sisi tunapima kwa namba: 1 ni nyeusi tii, 10 ni ya dhahabu iliyopauka sana. Wewe kwa maelezo yako uko kwenye 1 au 2. Damu ya mzee inayoonekana ndani ya nyumba inakaa kwenye 4, au 5 ukitaka ichangamke zaidi. Rangi ya kudumu ikichanganywa na developa (ile krimu ya kuchanganyia rangi) ya asilimia 6, ile chupa iliyoandikwa 20, inapandisha ngazi moja hadi mbili. Ya asilimia 9, iliyoandikwa 30, inaongeza kidogo. Ya 40, yaani asilimia 12, mimi siipaki kwenye nywele yenye dawa, hata mteja aniombe vipi.

Ukienda dukani usidanganywe na picha ya mbele ya pakiti. Geuza nyuma, kuna vipicha vinavyoonyesha rangi itakavyotoka kulingana na nywele ulizoanza nazo. Kama nywele nyeusi haipo kwenye vile vipicha, rangi hiyo haikutengenezwa kwa ajili yako. Na namba ya pakiti isome hivi: kabla ya nukta ni uzito, ile 1 hadi 10, baada ya nukta ni mwelekeo wa rangi. Kampuni nyingi huweka 6 kwa wekundu, lakini zipo zinazotumia namba nyingine, kwa hiyo soma na jina pia.

Kabla sijasema zaidi nijibu hili: umewahi kupaka kanta, ile rangi nyeusi ya nywele?

MwanaMalindi
Jirani yako hajakosea, ila hajakumalizia maneno. Hina haitoi weusi, inaweka rangi yake juu ya ile uliyo nayo. Kwenye nywele nyeusi tii utapata mng'ao mwekundu ambao ukikaa juani unapendeza sana, ukiingia ndani unakuwa mweusi kama jana. Wewe umesema unataka ionekane ndani, basi hina peke yake haitakufikisha. Kwa wenye mvi ndiyo inawaka haswa, mama zetu huku Unguja mnawaona.

Na ukitaka hina, chukua majani yaliyosagwa tu, unga wa kijani unaonukia kama nyasi kavu. Ile inayouzwa kwa jina la hina halafu inatoa nyeusi, au inashika kwa dakika chache, ina vitu vingine ndani. Nyingine zina chumvi za madini, na ukija kupigwa blichi juu yake nywele inaweza kupata moto na kukatika. Hina ikishaingia kwenye nywele haitoki kirahisi, kwa hiyo amua kwanza kama huko mbele utataka rangi ya saluni.

BintiNgamiani
Asanteni sana, nimeelewa vitu ambavyo hakuna saluni iliyonieleza. MsusiWaSakina, ndiyo, nilipakwa kanta mwaka jana. Nimeshapunguza ncha mara kadhaa lakini robo ya chini bado ina kanta. Je, hiyo rangi nyekundu si itaifunika?

MsusiWaSakina
Haitaifunika. Rangi haiondoi rangi. Developa niliyokueleza inafanya kazi kwenye weusi uliozaliwa nao, weusi wa kanta hauusogezi ipasavyo. Ukipaka kichwa kizima sawa sawa utatoka na mizizi inayowaka, katikati pazuri, na chini nyeusi ileile. Halafu atatokea mtu akwambie apige blichi kwenye ncha tu ili zilingane. Ncha ndizo nywele zako kongwe, zimepita kwenye dawa mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na zina kanta. Zitabaki kwenye kitana.

Una njia mbili za haki. Ukate hiyo robo, ubaki na nywele fupi yenye rangi moja. Au uache chini peusi kwa makusudi, rangi ianze juu na kufifia kuelekea chini, na siku ya sendofu ubane nywele ili ncha ziingie ndani. Hiyo ya pili nimewafanyia wateja na inapendeza.

Hao wa dawa na rangi siku moja, waage kwa heshima. Dawa na rangi ya kudumu zote zinafungua nywele, na zote zinagusa ngozi ileile ya kichwa. Anza na dawa, kaa angalau wiki mbili, ikiwezekana zaidi, ukifanya stimingi na kuzilisha, ndipo upake rangi. Usigeuze mpangilio huo, kwa sababu dawa ikija baada ya rangi inakwangua wekundu wote. Kama lazima iwe siku moja, iwe ile rangi isiyo na developa, ya kushika juu juu. Hiyo haina madhara hayo, ila kwenye nyeusi tii itakupa kivuli tu.

DogoIsanga
Naomba kuuliza, kuna binamu yangu anatumia ile dawa ya kufulia nguo nyeupe kupunguza weusi kabla ya rangi, gharama ndogo sana. Inafaa?

MsusiWaSakina
Hapana kabisa, mdogo wangu. Ile ni ya kitambaa. Inaila nywele yenyewe na kuchoma ngozi, na ikikutana na kemikali za saluni inaweza kutoa hewa yenye sumu. Mwambie aache leo.

MuuguziKibaha
Naingia kwa upande wa afya, maana sijaona mtu ameligusa. Dada, umewahi kuchorwa piko mikononi? Na kama umechorwa, kulikuwa na kuwasha, wekundu au malengelenge pale palipochorwa?

Nauliza kwa sababu piko nyingi zina kemikali inayoitwa PPD, na hiyohiyo imo kwenye rangi nyingi za nywele za kudumu, hasa nyeusi na zile nzito. Mwili ukishaikataa mara moja unaikumbuka. Mtu anachorwa piko harusini, anawashwa kidogo, anasahau, baadaye anapaka rangi ya nywele na kuamka macho hayafunguki kwa uvimbe. Ulaya sheria inaruhusu isizidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele iliyo tayari kupakwa. Kwenye piko ya mtaani hakuna anayepima.

Fanya jaribio siku mbili kabla. Paka tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, kama maelezo ya pakiti yanavyosema, kisha usubiri saa 48. Hata kama ulishawahi kupaka rangi na hukupata shida rudia jaribio, kwa sababu mzio huu unaweza kuja mara ya pili au ya tatu. Ikitokea uso unavimba au pumzi inabana, osha kwa maji mengi na uende hospitali saa hiyohiyo.

Na usipake kichwa kikiwa na mikwaruzo. Acha kukuna wiki hiyo, usipake mara tu baada ya kufumua misuko iliyobana.

BintiNgamiani
Piko nimechorwa mara nyingi, na mara ya mwisho mkono uliwasha siku mbili. Sikujua kama inahusiana na nywele. Sasa nimeogopa.

MuuguziKibaha
Umefanya vizuri kulisema hapa. Kwa historia hiyo usijijaribie mwenyewe nyumbani. Nenda kwanza kliniki ya ngozi uwaeleze hivyohivyo, wao ndio watasema kama unaweza kupaka. Sendofu ina zaidi ya mwezi, muda unao. Na usikubali kuchorwa piko kwenye hiyo sendofu, hina ya kawaida inatosha.

BiLikoni
Pole dadangu, usivunjike moyo. Wakikukataza, wekundu waweza kuuvaa bila kugusa nywele zako. Ulizia rasta namba 99J, hiyo ndiyo damu ya mzee yenyewe, wauzaji wote waijua. Changanya na 1B, ile nyeusi, kidogo isiwe kali. Hata wakikuruhusu, mie ningekushauri usuke hiyo kwanza ukae nayo wiki chache, uone kama yakubaliana na ngozi yako na nguo zako. Kuna nyekundu inayoelekea zambarau na inayoelekea kahawia, na hazikai sawa usoni.

Ukija kupaka yenyewe, jua nyekundu ndiyo rangi inayotoroka upesi kuliko zote, na nywele yenye dawa hunywa rangi haraka na kuitema haraka. Usioshe kila mara. Tumia shampuu isiyo na salfeti, maji ya baridi au vuguvugu, moto hapana. Maji ya bahari na ya bwawa la kuogelea huzifubaza, na sisi wa pwani wajua tulivyo, funga kilemba. Tafuta kondishena yenye rangi nyekundu ndani yake, ipake kila unapoosha, hiyo ndiyo itakuokoa usirudie rangi ya kudumu kichwa kizima. Wiki ya kwanza lalia kitambaa cheusi.

BintiNgamiani
Basi nimepanga hivi. Wiki hii kliniki ya ngozi. Dawa nasogeza mpaka nipate jibu. Robo ya chini nakata, nimeshaichoka hiyo kanta. Wakiniruhusu, narudia dawa, nasubiri wiki mbili, halafu rangi namba 4 nyekundu kwa developa ya 20. Wakinikataza, nasuka 99J na sendofu naenda nayo. Kuna nilichosahau?

MsusiWaSakina
Viwili. Kabla ya kichwa kizima, mwambie msusi akate kishungi kidogo nyuma ya sikio akipake rangi ileile kwa muda uleule, akioshe, akikaushe, mkitazame pamoja mlangoni na ndani. Hapo ndipo mtajua kama 4 inatosha au mpande 5.

Na siku ya kupaka, aanzie katikati na chini, mizizi aiache sentimita moja au mbili, aipake mwisho. Joto la kichwa linaharakisha rangi, na mizizi yako haina mambo mengi kama huko chini. Akianzia juu utatoka na mstari wa chungwa kwenye paji la uso. Akikwambia haina tofauti, tafuta msusi mwingine. Ukishajibiwa kliniki rudi hapa utuambie wamesemaje, nitakusaidia kuchagua namba.