Naomba ushauri: ngitili (malisho ya akiba) ya ekari 40 Kishapu, Shinyanga, vipara havifunikwi na nyasi

Wadau wa mifugo, salaam. Ngitili hii hufungwa mvua zinapoanza Novemba, hufunguliwa Julai nyasi zikishadondosha mbegu. Nyasi zilizokatwa kwenye miraba ya mita 1 kwa 1 na kukaushwa zilitoa wastani wa gramu 150, yaani kama tani 24 kwa eneo zima. Nusu inabaki kulinda udongo. Ng'ombe 30 wa kilo 250, kila mmoja akila kilo 7 kwa siku, tani 12 zinawatosha siku 57 tu. Baada ya hapo watoke, hata kama nyasi bado zinaonekana nyingi (hapo ndipo ugomvi na wachungaji huanza).

Tatizo ni vipara karibu na lambo: udongo umefunga ukoko, maji yanateleza na kuondoka na mbegu. Nichimbe makinga maji yenye umbo la nusu mwezi kabla ya mvua, au kuvunja ukoko kwa jembe na kutandaza matawi ya miiba kunatosha? Mbegu za nyasi aina ya Cenchrus ciliaris zilizovunwa msimu huu nisizipande kwanza, maana zikiwa mpya huota kwa shida? Na kipande hicho kifungwe misimu mingapi mfululizo? Mbuzi wanapenya kila boma la miiba.