Kikundi: MTARO WETU MASESE (usitume matangazo)

Mama Shamim 18:41
Asalaam aleikum na habari za jioni majirani. Nakumbusha kwa mara ya TATU. Jumamosi saa moja asubuhi tunazibua mtaro, kuanzia kwa fundi baiskeli mpaka kwenye mafunjo. Kila nyumba mtu mmoja na elfu tano. Septemba hii hapa. Andika jina:
1. Mama Shamim ✅
2.

Mama Shamim 18:59
Watu 31 mmesoma. Hakuna hata mmoja mwenye kidole?

Okello Boda 19:03
Niko stendi. Swali tu. Ni saa moja ya kweli ama ile saa moja ya kadi ya harusi?

Nakato Chapati 19:03
😂😂😂

Mama Shamim 19:04
Okello nimekuandika namba 2.

Okello Boda 19:04
Banange sijakubali!

Mama Shamim 19:05
Umejibu. Anayejibu ameandikwa.

Baba Denis 19:15
Kwa heshima zote katibu. Mtaro tulizibua mwezi wa tatu. Mvua yenyewe iko wapi? Jua limewaka mwezi mzima. Tungoje tuione kwanza. Elfu tano kwangu ni sukari ya watoto.

Mwalimu Wafula 19:21
Ndugu yangu, hilo jua unalolisema ndilo linaipika hiyo mvua.

Okello Boda 19:21
Mwalimu ameanza. Toeni madaftari

Mwalimu Wafula 19:24
Mama Auma najua una maharage jikoni, harufu imefika huku. Funua sufuria uangalie mfuniko kwa ndani. Yale matone hakuna aliyeyamwaga pale. Maji yamepanda yakiwa mvuke, yamekuta mfuniko una ubaridi, yamerudi kuwa maji. Tone likinenepa linaanguka. Sasa sufuria ni ziwa, moto ni jua, mfuniko ni kule juu kwenye baridi mawingu yanakofungia.

Mama Auma 19:27
Nimefunua. Matone yapo. Lakini yalikuwa hayajaiva Mwalimu, umenitolea mvuke wote

Mwalimu Wafula 19:31
Pole 😅 Na hili ziwa letu la Victoria si mtungi, ni sinia. Kina cha wastani mita 40 tu, lakini eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800. Jua linapata pa kushika. Watu wanadhani Nile ndiyo inayoyamaliza maji ya ziwa pale darajani. Wapi! Karibu robo tatu ya yanayotoka, au zaidi, yanaondokea juu, hatuyaoni. Nile inakunywa kilichobaki. Na kuingia ni vile vile: Kagera na mito mingine yote inaleta kidogo. Karibu asilimia 80 ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe.

Musa Nyavu 19:34
Hiyo ya usiku ndiyo mbaya. Mchana upepo unatoka ziwani unakuja huku kwenu. Ikifika saa nane usiku umegeuka, unatoka nchi kavu, kila upande unasukuma kati. Hapo ndipo radi inapoanzia. Mtu wa nyavu akiona nyota zinafichwa upande wa visiwani anavuta kamba haraka

Mwalimu Wafula 19:36
Haswa. Nchi kavu inapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake. Hewa zikikutana katikati hazina pa kwenda ila juu, na zimebeba mvuke. Musa ungefundisha wewe.

Okello Boda 19:38
Ngoja. Kwa hiyo maji ni yale yale yanazunguka? Hii chai ninayokunywa kuna mtu wa zamani aliiogea?

Mwalimu Wafula 19:38
Ndiyo, na si mmoja.

Nakato Chapati 19:39
Okello kwa vile wewe huogi, wajukuu wetu watakunywa chai safi

Musa Nyavu 19:39
😂😂 amekufa huyo

Mama Shamim 19:40
JUMAMOSI. Namba 3 ni nani? Nakato una mikono ya kuandika utani, ina maana na sepetu utashika. Namba 3 Nakato.

Baba Denis 19:46
Asante kwa somo Mwalimu. Lakini kama maji yanapanda juu yenyewe, mtaro wa nini?

Mwalimu Wafula 19:52
Kwa sababu yakishuka lazima yapite mahali. Zamani yakitoka huko juu yalikuwa yanafika kwenye mafunjo yanapunguza mbio. Tope linabaki kwenye mizizi, mengine yanazama ardhini polepole, ndiyo hayo tunayachota pale chemchemini hata mwezi wa kiangazi. Sasa nusu ya mafunjo imelala chini ya udongo wa murramu wa kujengea. Sitaji mtu.

Baba Denis 19:53
Umenitaja. Kiwanja nilinunua na karatasi ninazo. Mizigo yangu minne, vile vyumba vya kupangisha, ina wapangaji, na wengine wana ndugu humu humu.

Mama Zainabu 19:58
Na murramu hiyo ilibebwa na toroli ya kikundi.

Okello Boda 19:58
Eeee toroli!! Nilidhani ilikufa na Corona

Baba Denis 20:01
Toroli niliirudisha. Niliiegesha mlangoni kwa katibu.

Mama Shamim 20:02
Mlangoni kwangu?? Mwaka ule mlango wangu ulikuwa ndani ya maji, mimi nalala kwa dada yangu Bugembe! Uliifunga kwenye mtumbwi?

Mama Shamim 20:02
Nilichanga elfu ishirini ya toroli ile, na risiti ninayo.

Baba Denis 20:03
*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Auma 20:07
Mwaka ule mimi choo changu kilijaa kutoka CHINI. Siku hiyo hata manyunyu hakuna. Nilisema leo nimerogwa

Mwalimu Wafula 20:11
Hukurogwa. Chini ya miguu yetu kuna maji mengine, na ziwa likipanda nayo yanapanda. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42. Kabla ya hapo rekodi ilikuwa 13.41, Mei 1964. Sentimita moja.

Okello Boda 20:12
Si ndiyo mwaka kile kisiwa cha mafunjo kilielea kikaenda kuziba mitambo ya bwawa nchi nzima ikakaa giza? Nilikuwa nimepakia abiria mjamzito bila taa, hadithi yake ndefu

Nakato Chapati 20:12
Tunaijua. Kila Idi unaisimulia

Hajati 20:29
Ni mimi Rehema mjukuu wake, anasema naandika. Nimesomewa yote. Mwaka 1964 nilikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja. Maji hayakuja kwa kelele. Asubuhi tuliona viatu vinaelea chini ya kitanda. Marehemu alikwenda kwenye mwembe akapiga msumari pale yalipofika. Mwembe umeumeza msumari, lakini ukipapasa gome utakuta uvimbe. Baba Denis, sakafu ya mizigo yako iko chini ya ule uvimbe, kiganja kizima. Nilikuona ukijenga nikanyamaza kwa sababu hukuniuliza. Hilo ni kosa langu. Watoto wanalala pale. Jumamosi nileteeni kiti, nitakaa mwembeni mpaka maji yapite. Habari ya toroli sitaki kuisikia tena.

Musa Nyavu 20:30
🙏

Baba Denis 21:17
Shikamoo Hajati. Nimesikia mama.

Mama Shamim 21:18
Nikuandike namba 4?

Mama Shamim 21:40
Baba Denis?

Baba Denis 22:05
Mtaro nitatuma kijana, aje na sepetu. Elfu tano mwisho wa mwezi. Hiyo murramu tutaongea, si hapa.

Mama Shamim 22:06
Tutaongea lini? Na wewe mwenyewe unakuja ama kijana tu?

Mama Shamim 22:31
Haya. 1 mimi, 2 Okello, 3 Nakato, 4 kijana wa Baba Denis, 5 Musa kama hatalala ziwani, 6 Mwalimu. Pesa iliyoingia mpaka sasa: elfu tano, yangu.

Mama Zainabu 22:40
Mimi mgongo. Nitaleta uji.

Fundi Kizito 05:52
Habari za asubuhi kikundi. Naona meseji nyingi. Jumamosi kuna nini?

Mama Shamim 05:53
Soma juu Kizito. SOMA JUU. Namba 7.

Okello Boda 06:14
[picha]
Nimepita mwembeni kupapasa ule uvimbe. Upo kweli, unanifika juu ya goti. Lakini tazameni nilichokikuta pale chini

Nakato Chapati 06:15
Si ile toroli?

Okello Boda 06:15
Ndiyo yenyewe. Gurudumu halipo

Mama Shamim 06:16
Nani ameileta?

Mama Shamim 06:16
Nauliza, nani ameileta usiku?

Nakato Chapati 06:31
Mimi elfu tano yangu ni ya mtaro. Ya gurudumu msinihesabu