Ardhi ya serikali iliyolala: ijengewe nyumba nafuu au iuzwe?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Nimepima ardhi miaka mingi na kuna kitu kinanikera. Unaingia karakana ya zamani ya serikali katikati ya mji, geti limefungwa kwa mnyororo, malori hayana matairi, mti umeotea kwenye injini. Jiwe la mpaka lipo palepale lilipowekwa. Mlinzi analipwa kila mwezi kulinda nyasi. Nje ya ukuta huohuo watu wanalala watano chumba kimoja, na nusu ya mshahara inaishia kwa mwenye nyumba.

Hoja yangu: ardhi ya namna hii ijengewe nyumba za gharama nafuu, ila isiuzwe. Ikodishwe kwa muda mrefu, masharti yakae ndani ya hati. Saruji na nondo haziachani sana bei kati ya mjini na pembezoni. Kinachoua nyumba nafuu mjini ni bei ya kiwanja, na hiki serikali tayari inacho. Karibuni, kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unaota. Piga mnada wa wazi, fedha zikajenge kule ambako viwanja ni rahisi. Utapata nyumba nyingi zaidi. Hesabu ndogo tu.

Mchangiaji wa pili:
Hesabu hiyo Afrika Kusini walishaipiga. Tangu 1994 serikali imejenga nyumba zaidi ya milioni 3, kazi kubwa, hakuna anayebisha. Lakini nyingi zilienda pembezoni kwa sababu ardhi rahisi ilikuwa huko. Mtu kapewa nyumba, halafu anaamka usiku wa manane kuwahi kazini, na nauli inameza alichookoa kwenye kodi. Wapo waliorudi kupanga vibanda vya uani karibu na vibarua vyao.

Mleta mada:
Nakazia. Na tusisahau Uingereza. Kati ya 2011 na 2015 serikali iliachia ardhi ya kutosha nyumba 100,000. Wakaguzi wa hesabu walipotaka kujua zimejengwa ngapi, idara husika haikuwa na hesabu hiyo. Ilikuwa imehesabu nyumba ambazo zingeweza kujengwa! Ndiyo maana nang'ang'ania hati: tarehe ya kuanza ujenzi, idadi ya nyumba nafuu, na kiwanja kirudi serikalini mtu akikikalia. Akishapata hati isiyo na sharti lolote, utamwambia nini?

Mchangiaji wa tatu:
Naunga mkono nusu. Kiwanja cha bure si nyumba. Vienna, kule Austria, walipojenga jumba la makazi la Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa 1930 likiwa na fleti karibu 1,400, walikuwa na kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba tangu 1923, iliyowabana zaidi wenye majumba ya kifahari. Hela ilitangulia tofali. Wengine wanatanguliza utepe; viwanja vinagawiwa, maji hakuna, mtaro wa maji taka hakuna.

Halafu kwamba ardhi hiyo ni "ziada", haihitajiki tena, anapima nani? Uwanja uliolala leo ndio utakaotafutwa kwa shule miaka 20 ijayo.

Mleta mada:
Hapo umenigusa, na ndiyo sababu nyingine ya kukodisha. Singapore bodi yao ya nyumba ilianza 1960, leo karibu wakazi 8 kati ya 10 wanaishi kwenye fleti zake, kwa hati za miaka 99. Muda ukiisha, ardhi inarudi serikalini. Maumivu yapo: miaka ikibaki michache thamani inashuka, na aliyedhani anawaachia watoto urithi anajikuta anawaachia saa inayohesabu. Dawa ya hilo sina.

Mchangiaji wa kwanza:
Kwenye masharti ya hati mmenipata. Ila funguo anapewa nani? Miradi yote ya "nafuu" niliyoiona, orodha ya waombaji ni ndefu na nyumba zinaishia kwa mashemeji wa wakubwa. Mnada hauna shemeji.

Mleta mada:
Mnada nao una mashemeji wengi tu, nimewapimia viwanja vyao. Nyumba zitolewe kwa bahati nasibu, kama New York wanavyofanya, na ichezeshwe hadharani. Atakayepata akae kwanza. Singapore kwa kawaida huuzi fleti kabla hujakaa miaka 5. Hilo linawapunguza madalali.

Mchangiaji wa pili:
Swali moja kwako mpimaji. Kwenye karakana hiyo hukukuta watu?

Mleta mada:
Niliwakuta. Kaya 11, nyuma ya stoo ya vipuri. Mlinzi anawajua kwa majina. Mama mmoja aliweka mawe mawili kando ya jiwe la mpaka, likawa figa la tatu. Nilisubiri ugali uive ndipo nikaweka kipimo changu. Kwenye ramani nikaandika "eneo wazi", maana ndivyo fomu ilivyotaka. Hao wasiingizwe kwenye bahati nasibu. Hao waanze.